Daftari la Korongo

Nyumbani kwa binti yangu,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Machi, asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa, kitindamimba wetu,

Daftari la korongo ni la uongo. Nimekuficha hilo kwa miaka hamsini na miwili.

Najua barua haianzwi hivi. Marehemu baba angenirudishia karatasi na kuniambia niandike upya, salamu kwanza. Lakini najijua. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zangu zote kwako, na safari hii sina hakika kama kutakuwa na barua nyingine. Basi neno limeshatoka, limekaa hapo juu, na siwezi kulifuta kwa sababu nimetumia wino. Sasa tusalimiane.

Hujambo, mdogo wangu? Macho yanaendeleaje tangu wakutoe mtoto wa jicho? Bado unafungua saa za watu, au hatimaye umekubali kuwaachia wanao wachungulie ndani ya vyombo hivyo vidogo? Shemeji kikohozi chake kimepungua? Mwambie aache kusingizia vumbi. Na mguu je? Wewe huniandikii habari za mguu, nami huwa siulizi. Leo nauliza.

Kwa kuwa macho hayajatulia, najua ni mpwa wangu wa kike anayekusomea. Mpwa, shikamoo yako nimeipokea. Soma polepole, usiruke kitu kwa kumwonea mama yako huruma wala kwa kunionea mimi aibu. Nitaeleza hata mambo ambayo mama yako anayajua, ili nawe uelewe.

Mimi moyo umechoka. Daktari ni kijana mwenye adabu. Alinieleza kwa kuzunguka mno hadi ikabidi nimsaidie kumaliza sentensi. Labda nitaziona mvua zijazo, labda sitaziona. Maumivu si makubwa. Napanda kitandani kwa msaada, nashuka kwa msaada, na binti yangu ananikata kucha kama mtoto mchanga. Mkono unatetemeka, kama unavyoona kwenye mwandiko huu ambao zamani walimu waliupitisha darasa zima uigwe. Usilie. Nina miaka themanini na mitatu, na mingi kati ya hiyo niliimaliza kwa kucheka.

Sweta lako lilifika. Nimelivaa sasa hivi ninapoandika, na mikono yake ni mirefu kidogo, nadhani ulinipima kwa kumbukumbu za ujana wangu. Asante. Nakushukuru pia kwa barua zako. Nimezihesabu wiki hii: mia mbili na kumi na moja, na hakuna hata moja iliyosahau kuniuliza kama nimekula.

Sasa daftari.

Mpwa, unamjua Bi Nafika. Ndiye aliyenilisha. Nilimchora gazetini kila Jumamosi kwa miaka arobaini na tisa: kilemba, kifurushi kwapani, kisigino cha kulia hakigusi chini, kiganja kinaparaza ukuta. Kila Jumamosi anatumwa kupeleka kitu mahali, kila anayekutana naye anamwambia hatafika, naye anajibu "Nafika!" na kwenye kisanduku cha mwisho anafika. Ni hayo tu. Watu hawakumchoka.

Alipotoka mara ya kwanza, mdogo wangu, ulikuja kwenye karakana yangu ya kuchorea umelikunja gazeti mara nne. Ulikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikupa kiti, hukuketi. Ukauliza, "Kaka, huyu ni mimi?"

Nikacheka. Nikasema, "Wewe? Huyo ni korongo! Mwaka mzima nimekuwa nikichora korongo, ndipo nikamgeuza mtu."

"Nionyeshe."

"Daftari liko nyumbani. Njoo kesho alasiri."

Hakukuwa na daftari. Kesho yake asubuhi nilitoa udhuru kazini, nikaketi kwenye meza ya chakula na daftari jipya la kurasa sitini na nne, nikachora korongo. Korongo anatembea, korongo amesimama, korongo anajikuna, korongo anaangalia saa yake ambayo hana. Nikaandika tarehe za mwaka uliotangulia, kwa kalamu nne tofauti ili zisifanane. Wifi yako, Mungu amrehemu, alidhani ninatengeneza zawadi ya mtu. Alinichemshia chai ya rangi, akanisaidia kuipaka kwenye kurasa ili zichakae, kisha akalibana daftari kwenye kamba ya nguo kwa vibanio likauke. Akalitazama likipepea pale kati ya mashuka, akasema, "Korongo wako wana adabu, mume wangu. Wanatembea kama wanawahi ofisini." Nilipaswa kumsikiliza.

Ulikuja alasiri. Ulilifungua ukurasa kwa ukurasa, kama unavyofungua saa. Mwishoni ukapumua, ukacheka, ukasema, "Kumbe ni ndege." Ukanishika bega na kwenda zako. Mwaka uliofuata uliolewa, ukasafiri huko mbali uliko, nami nikajiambia mambo yamekwisha vizuri.

Uongo ule ulikuja kufanikiwa kuliko kazi zangu nyingi. Mwandishi mmoja aliliona daftari, akaandika makala. Makala ikazaa maonyesho. Leo limo ndani ya sanduku la kioo, lina taa yake, na kibao kinachosema: Mwanzo wa Bi Nafika.

Mwezi uliopita wakalipeleka kwenye tamasha la vibonzo, na mimi wakanialika niwafundishe watoto kuchora kwa saa moja. Binti yangu alikataa katakata. "Baba, watu huko wamejaa kama siafu. Ukizimia nitakuokota wapi?" Nikamwambia aniokote popote nitakapoangukia. Akanivalisha sweta lako, akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni, na hapo tukakwama, kwa maana hata mlango haukuonekana.

Laiti ungeuona ukumbi ule. Mabanda ya vitabu yamebanana, vijana wamevaa mabawa ya karatasi ngumu na mapanga ya sponji, mama mmoja ananyonyesha akiwa amejipaka uso rangi ya kijani, harufu ya wino mpya kila mahali. Nilizoea kuchora peke yangu chumbani. Sikujua kama kazi hii ina watu wengi kiasi hicho. Halafu nikawaona watoto.

Walikuwa wamevaa vilemba. Kila mmoja ana kifurushi kwapani. Wanatembea kandokando ya kuta za ukumbi, kisigino cha kulia juu, kiganja ukutani, wanapiga kelele, "Nafika! Nafika!" Wavulana kwa wasichana. Mmoja alikuwa mdogo kiasi kwamba baba yake alimbeba, lakini kisigino alikuwa amekiinua hukohuko hewani. Mdogo wangu, ulikuwa mwendo wako. Ukumbi mzima ulikuwa ukitembea mwendo wako, na hakuna aliyemcheka mtu. Walikuwa wakishindana nani ataupatia.

Binti yangu akauliza, "Baba, unaumwa?" Nikasema ni vumbi. Sasa namwelewa shemeji.

Nilikuwa nimetengewa meza ya watoto ishirini. Walikuja sitini na kitu. Msimamizi, mwanamke mwenye redio kiunoni na sauti iliyokauka tangu asubuhi, alinipachikia kipaza sauti kwenye kola akanong'ona, "Mzee, ukichoka nikonyeze." Nikawaambia watoto wavue kiatu kimoja kimoja wakiweke mezani mbele yao.

"Leo hatuchori uso," nikawaambia. "Uso mtu anaupanga kabla hujamtazama. Tunaanza na miguu."

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Babu, changu kinanuka. Nikichore na harufu yake?"

"Kichore. Weka mistari mitatu ya mawimbi juu yake, msomaji ataziba pua mwenyewe."

Dakika moja baadaye viatu vyote sitini vilikuwa vinanuka. Mwingine alichora na nzi, wa tatu akachora nzi aliyezimia. Nilicheka hadi kifua kikauma, nikawa namshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba alinipa kazi hii na si nyingine.

Mmoja tu hakuwa amevua kiatu. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, miwani yake imeungwa kwa uzi, amesimama mbele ya sanduku la kioo akitazama daftari. Umri wako ule. Nitakwambia ule upi.

"Babu, naomba kuuliza."

Wenzake wakaguna. "Haya, Wakili kaanza!" Ndilo jina walilompa, kwa ubishi wake.

"Uliza, Wakili."

"Korongo wako magoti yanakunjika mbele."

"Ehe?"

"Wa kweli yanakunjika nyuma. Mimi nawaona kila siku, wako jaani nyuma ya shule yetu. Wako anatembea na miguu ya mtu."

Hamsini na miwili, mdogo wangu. Waandishi wamelitazama lile daftari, maprofesa wamelitazama, mimi mwenyewe nimelitia sahihi. Siku ile nilichora kwa haraka, na sikuwa nimewahi kumtazama korongo hata mmoja. Nilichora nilichokuwa nakiona kichwani, nikakivisha manyoya.

Nikajaribu kutoroka kwa mzaha. "Labda korongo wangu alikuwa mgonjwa."

"Kurasa zote?"

Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaja hadi kwenye kiti changu, akaniambia kwa sauti ya chini, ingawa kile kipaza sauti kilimsikia, "Halafu korongo hashiki ukuta. Hana mkono. Huyu ni mtu, Babu. Ulimwona wapi?"

Hilo ndilo swali. Ndilo nililoliogopa siku ile karakanani. Wewe uliniuliza kama ni wewe, na hilo ningeweza kulijibu. Ungenuna wiki mbili, ungenisamehe. Lakini baada ya kukujibu ungeniuliza la pili, hili la Wakili: uliniona wapi nikishika ukuta? Kwa sababu mbele ya watu hukushika ukuta kamwe. Tangu homa ile ilipokuacha na mguu mmoja mwembamba, ulitembea katikati ya chumba, kichwa juu, hata kama uliuma meno. Mama alikunyooshea mkono ukaukwepa. Mimi niliyekua nawe nyumba moja sikuwahi kukuona ukigusa ukuta, isipokuwa siku moja.

Nikamjibu mtoto yule, "Nilimwona dirishani." Ukumbi wote ukasikia. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kulitamka juu ya Bi Nafika.

Akachukua karatasi, akachora dirisha. Nje ya dirisha akamweka Bi Nafika kando ya ukuta mrefu, vizuri sana, kisigino juu. Akanisogezea kalamu. "Sasa wewe uko wapi? Jichore."

Nikajichora ndani ya dirisha, kijana wa miaka kumi na saba. Nywele, masikio, macho. Mkono ulitetemeka lakini ulifika. Akaikagua kazi yangu kama mwalimu.

"Mdomo?"

Nikamwambia nitaumalizia nyumbani. Akaniruhusu.

Mpwa, sasa nakusimulia siku yenyewe. Mama yako ana miaka kumi, mimi kumi na saba. Asubuhi ya mtihani wangu wa mwisho wa hesabu niliondoka nyumbani nikasahau mkebe wangu wa bikari na rula. Bila mkebe ule mtihani ungekuwa umekwisha kabla haujaanza. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa mgonjwa kitandani. Mama yako aliuona juu ya kabati, akautia kwapani na kutoka bila kumwambia mtu. Ni mwendo wa saa nzima kwa mwenye miguu miwili mizima. Sijui alitumia muda gani. Aliukabidhi kwa bawabu getini akarudi zake, na bawabu akaniletea mezani.

Nilifaulu. Nikapata chuo, chuo kikanipa kazi, kazi ikanipa gazeti, gazeti likanipa wifi yako, nyumba, watoto, na hata hao watu waliojaa ukumbini. Kila mkate niliokula umetembea kwa mguu ule. Hilo nilikuwa naona haya kukuandikia, mdogo wangu, nikawa nakuandikia habari za mvua.

Jioni ile niliporudi ulikuwa umeketi kizingitini, mkono mmoja umeuficha nyuma. Kiganja kilikuwa cheupe kwa chokaa ya ukuta wa shule yetu. Nilikiona. Ndiyo maana miaka yote kiganja cha Bi Nafika sikukipaka rangi. Wahariri walidhani ni mtindo.

Ukaniuliza, "Kaka, uliniona?"

Nikasema, "Sikukuona. Ningekuona ningekimbia kukupokea."

Ukasema, "Afadhali. Sikutembea vizuri."

Nilikuona, mdogo wangu. Nilikuwa dirishani. Nilikuona tangu ulipogeuka kona, na sikutoka.

Nimemwomba yule msimamizi wa tamasha aliondoe daftari kwenye kioo, akaniuliza kibao kipya kiandikwe nini. Nimemwambia asubiri. Kitaandikwa utakavyosema wewe. Ukitaka jina lako, litaandikwa. Ukitaka abaki ndege, atabaki ndege, nami nitaondoka na siri hii bila kinyongo. Mwendo ni wako. Mimi niliuazima bila kuomba. Lakini ujue kwamba wapo watoto mamia ambao wakitaka kuonyesha ushujaa wanainua kisigino cha kulia. Ulitembea vizuri.

Mchoro wa Wakili nauweka humu ndani ya bahasha. Utunze.

Nisalimie shemeji, na mwambie namshukuru kwa kukufanya ucheke. Nimeuona ucheshi wake katika barua zako hata pale ulipojifanya wewe ndiye mchekeshaji. Wasalimie wapwa zangu wote, yule fundi wa redio, yule mkorofi aliyegeuka mwalimu, na huyu anayesoma. Wajukuu uwabusu hata wale wasiopenda. Binti yangu anakuamkia, shangazi yake, na anasema sweta lijalo upunguze mikono. Mungu akulinde macho, akupe usingizi mwepesi na asubuhi zisizo na maumivu, na siku ikifika akupokee mlangoni mwenyewe, asimtume bawabu.

Ni mimi, ninayekupenda tangu siku nilipokubeba ukiwa na umri wa saa mbili,

Kaka yako.

Nyuma ya karatasi:

Mpwa wangu, hapa acha kusoma. Mpe mama yako karatasi, asome mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Mdogo wangu, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Mdomo nimeuchora. Utauona, uko wazi. Mwalimu wa mtihani alikuwa hajaingia, wanafunzi tumejaa dirishani, na mmoja akauliza ni nani yule anayekuja akishika ukuta. Akajibiwa, "Korongo huyo, simjui," na darasa zima likacheka.

Aliyejibu ni mimi.